Kabla ya Kumlaumu Mkulima Asiyepunguzia Miti Yake

Katika ratiba ya mkutano wa kikanda wa utunzaji wa miti na usimamizi wa misitu niliouhudhuria mjini Iringa, mada ya kupunguzia miti, yaani kuondoa baadhi ili iliyobaki inenepe, iliwekwa mara baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata mjumbe mwenye ari huanza kusinzia. Asubuhi yote ilikuwa imekwenda kwa hotuba, na kila hotuba ilikuja na hesabu ya miche: iliyooteshwa, iliyogawiwa, iliyopandwa, na inayotarajiwa kupandwa msimu ujao. Makofi yalipigwa. Wajumbe kutoka Kenya na Uganda nao walitoa hesabu zao, na ikawa kana kwamba tumekuja kushindanisha vitalu. Ninaandika makala haya kwa sababu naamini kuwa mada ile ya alasiri ndiyo iliyostahili kufungua mkutano, na kwa sababu majibu iliyopewa hayakuniridhisha.

Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa watu wanaopenda kupanda miti. Njombe ilianza kupandwa miwati kwa wingi na kampuni ya Tanganyika Wattle tangu mwaka 1949, kwa ajili ya magome yanayotoa dawa ya kulainishia ngozi, na wanakijiji wa jirani wakaichukua mbegu na kuifanya kuni na mkaa wao. Mufindi ina shamba la serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1939 na upandaji wake mkubwa ukafuata baada ya uhuru, kwa matumaini ya kulisha kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi mwaka 1985. Vijana waliofanya vibarua katika mashamba hayo walirudi vijijini na ujuzi wa kitalu, wa viriba na wa kupanda kwa kamba. Ndipo bei ya mbao ilipopanda na barabara zilipoboreshwa, milima ya kuanzia Kilolo hadi Makete ikafunikwa na misindano (mipaini) na milingoti (ndivyo huku tunavyoiita mikaratusi) iliyopandwa na watu binafsi, wengi wao wakiwa na ekari moja, mbili au tatu. Mwaka 2014 ulipoanza mpango wa Panda Miti Kibiashara kwa msaada wa Finland, ulikuta watu wameshapanda. Kazi yake kubwa ikawa kuwaunganisha katika vyama na kuwapatia mbegu bora zaidi.

Kwa hiyo mkutano unaofanyika Iringa na kuwahimiza watu wa Iringa wapande miti unahubiria waumini waliokwisha kubatizwa. Jambo gumu huku ni kile kinachofuata mche ukishashika, na ndani ya jambo hilo hakuna kipengele kinachopuuzwa kama kupunguzia.

Kwa msomaji asiyekaa na miti, naomba nieleze kidogo. Msindano ukipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja huingia miti 1,111, yaani kama 450 kwa ekari. Wakulima wengi hawapandi hivyo. Hupanda mita mbili kwa mbili au karibu zaidi, na ekari yao ikabeba miti elfu moja na kitu. Msongamano wa mwanzo una faida yake, kwa kuwa miti hunyooka ikigombea mwanga na magugu yaliyo chini hufa mapema, hivyo palizi hupungua. Lakini shamba likishafunga kivuli, mizizi na matawi hugombania maji, rutuba na jua, na kila mti hubaki mwembamba. Hapo mwenye shamba anatakiwa kuingia na kuondoa ile iliyopinda, iliyogawanyika na iliyodumaa, ili iliyobaki inenepe. Baada ya miaka kadhaa huingia tena. Shamba la serikali linalofuata utaratibu huvunwa likiwa na umri wa miaka 18 hadi 25, na miti inayofika siku hiyo ni chini ya nusu ya ile iliyopandwa.

Mtaalamu aliyetoa mada alieleza haya yote vizuri sana. Alionyesha picha za vipande viwili vya magogo yenye umri mmoja, kimoja kutoka shamba lililopunguziwa na kingine kutoka shamba lililoachwa, na tofauti ilionekana hata kwa aliyeketi safu ya nyuma. Kisha akahitimisha kwamba wakulima wadogo hawapunguzii kwa sababu hawana elimu, na kwamba elimu zaidi inahitajika.

Mama mmoja kutoka Mufindi, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa miti cha kijiji chake, akaomba nafasi. Alisalimia kwanza kwa "kamwene", ukumbi ukaitikia, kisha akauliza kwa upole: "Mtaalamu, hiyo miti mia mbili unayoniambia niitoe, nikishaikata nimpelekee nani?" Alijibiwa kwamba inaweza kuwa mirunda ya kujengea, au kuni. Akasema kijijini kwake kila mtu ana mirunda na kila mtu ana kuni. Mwenyekiti wa kikao akamshukuru na kumpa nafasi mchangiaji mwingine.

Swali la yule mama ndilo lililokuwa mkutano wenyewe. Nalieleza kwa kadiri ninavyolifahamu, kwa kuwa nimeshuhudia mauzo ya namna hii mara nyingi. Mkulima wa kawaida wa huku hauzi mbao wala hauzi magogo. Huuza miti ikiwa imesimama, ama kwa ekari nzima ama kwa hesabu ya mti mmoja mmoja. Mnunuzi huja na dalali, hupita katikati ya mistari, hukadiria kwa macho, na kutaja bei. Hakuna anayepima kipenyo, hakuna anayekadiria urefu, wala hakuna anayezungumzia mita za ujazo. Katika biashara ya namna hiyo mti ni mti. Mwenye miti 900 iliyokonda atahesabiwa 900, na aliyetii ushauri wa mtaalamu akabaki na 400 iliyonona atahesabiwa 400, akiongezewa kidogo kwa unene kama dalali ana huruma siku hiyo.

Sasa tazama kinachotokea kwenye gogo lenyewe. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30 una ujazo mara nne ya mti wa sentimita 15 wenye urefu ule ule, kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Tena gogo nene hutoa mbao nyingi zaidi kwa kila mita ya ujazo, kwa kuwa sehemu inayopotea kwenye mabanzi na vumbi la msumeno ni ndogo. Mnunuzi analijua hilo vizuri. Ndiyo kazi yake. Mkulima naye analijua zaidi ya tunavyodhani, lakini bei anayopewa hailitambui. Ukimlipa mtu kwa idadi, atakutunzia idadi. Hakuna semina itakayombadilisha, na mimi sioni ni kwa nini abadilike.

Jambo la pili linaloambatana na hilo ni umri. Miti huku huuzwa ikiwa na miaka minane, tisa au kumi, hasa katika umri ambao msindano uliotunzwa ungekuwa unaanza kuongeza unene wenye thamani. Wataalamu huita hali hii uvunaji wa kabla ya wakati, na wengine huitaja kama tabia ya watu wasio na subira. Lakini shamba la miti kwa familia ya kijijini ni akiba inayosimama ardhini, na akiba hutolewa haja inapofika: mtoto amechaguliwa sekondari, mzazi amelazwa, nyumba imeezuliwa na upepo. Anayehitaji fedha mwezi huu hawezi kuambiwa asubiri mti utimize miaka 18. Kama angeweza kuuza miti ya kupunguzia, yaani theluthi moja ya shamba, angepata ada na shamba likabaki, tena likiwa bora kuliko lilivyokuwa. Kwa kuwa hawezi, huuza shamba zima. Kwa mtazamo huu, kukosekana kwa soko la miti myembamba kunaleta madhara mawili kwa mpigo: kunazuia utunzaji na kunaharakisha uvunaji.

Mbao zinazotokana na miti hiyo michanga nazo zina sifa zake. Hupinda zikikauka, ni nyepesi, na mara nyingi zimejaa vifundo kwa sababu shamba halikupogolewa. Kupogolea si kazi ngumu kuieleza, ingawa mkutano uliitumia muda mwingi: matawi ya chini huondolewa mti ukiwa bado mchanga, bila kuzidi nusu ya urefu wake, kwa msumeno na si kwa panga, na tawi hukatwa karibu na shina bila kuchubua kile kivimbe kilicho kwenye maungio yake, kwa kuwa hapo ndipo mti huanzia kuziba jeraha. Gharama yake ni vibarua wa siku chache. Lakini mnunuzi anayelipa kwa hesabu ya mti haulizi kama mti umepogolewa, na hivyo tunarudi kule kule.

Haki inanilazimu niseme kwamba soko halijasimama. Kwa muda mrefu mchana mbao mkuu wa huku alikuwa mwenye dingdong, ule msumeno wa duara unaohamishwa kutoka shamba hadi shamba, wenye meno manene na ulaji mkubwa wa mti. Anayeusimamia hujikuta amesimama juu ya kilima cha vumbi la mbao ambalo lingeweza kuwa mbao. Misumeno ya mkanda, inayokata kwa wembamba zaidi, imeongezeka. Halafu vikaja viwanda vya vinia (tabaka nyembamba za mbao) na plaiwudi, ambavyo mashine zake zinaweza kumenya gogo dogo lisilofaa kwa mbao, na kwa mara ya kwanza mti mwembamba ukapata mnunuzi Mafinga na Njombe. Wengi tulishangilia. Ilichukua muda kutambua kwamba mnunuzi yule, kama hakuna makubaliano yoyote ya namna ya kuvuna, huchukua shamba zima la miaka saba kwa urahisi ule ule ambao angechukua miti ya kupunguzia. Soko lililotakiwa kuokoa misitu ya wakulima linaweza pia kuimaliza mapema, na tofauti ipo katika mkataba, si katika mashine.

Kuna wajumbe waliotaka tuhame kwenye masuala haya ya fedha na kurudi kwenye utunzaji wenyewe. Mimi naona hayatengani, na mfano ulio wazi kuliko yote ni moto. Kati ya Agosti na Novemba, nyasi zikiwa zimekauka na watu wakiandaa mashamba, moto huanza kwa jirani anayechoma masalia au kwa mrina asali, ukapanda mlima. Shamba lililopunguziwa na kupogolewa huungua chini chini, na miti mingi mikubwa hupona. Shamba lililoachwa lina matawi makavu yanayoanzia ardhini hadi kileleni, na moto huyapanda mpaka juu, ukawa moto wa vilele usiozimika kwa matawi mabichi na ndoo. Sheria ndogo za vijiji zipo, kamati zipo, na wananchi hujitokeza. Wasiojitokeza mara nyingi ni wenye mashamba wanaoishi Dar es Salaam na Dodoma, walionunua ardhi, wakalipia upandaji, na sasa wanaliona shamba lao kwa picha za simu. Njia za kuzuia moto zinazopakana na mashamba yao huota nyasi, na jirani mwenye ekari mbili ndiye anayebeba hatari. Nilitarajia mkutano uzungumze kwa ukali zaidi kuhusu wamiliki hawa, lakini wengi wao, au jamaa zao, walikuwa ukumbini.

Suala la mbegu nalo linafuata njia ile ile. Miti bora ikishauzwa, inayobaki shambani ni ile iliyopinda ambayo mnunuzi aliikataa, na ndiyo inayoangusha mbegu. Mkulima anayeokota chini yake anapanda kizazi kilichochujwa kinyume. Mbegu bora zinauzwa, lakini bei yake haina maana kwa mtu atakayehesabiwa miti na si ujazo.

Mjumbe kutoka Uganda alileta uzoefu uliostahili muda mrefu zaidi ya ule aliopewa. Kuanzia mwaka 2004 nchi yake iliendesha mpango wa ruzuku kwa wapandaji binafsi wa miti ya mbao, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na ruzuku hiyo haikutolewa kwa ahadi: mkaguzi alifika shambani, akaangalia nafasi, palizi na uhai wa miche, ndipo malipo yakafanyika kwa awamu. Aliyepanda vibaya hakulipwa. Matokeo yake ni mashamba yaliyoanza vizuri kuliko mengi ya kwetu. Lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba miti ilipofikia umri wa kupunguziwa, swali la wakulima wake lilikuwa lile lile la yule mama wa Mufindi, kwa kuwa ruzuku ilinunua mwanzo mzuri na haikununua soko.

Wakenya walikuwa na hadithi nyingine. Mwezi Februari mwaka 2018 serikali yao ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wenye viwanda wakatazama nje, Tanzania ikiwamo. Mbao za misindano zilikuwa zikivuka mpaka tangu zamani, lakini katika miaka ile uhitaji uliongezeka, na sehemu ya miti michanga iliyokatwa milimani kwetu ilikwenda kujengea nyumba za kwao. Sisemi hivi kwa kulaumu. Nasema kwa sababu ndiyo maana halisi ya neno "kikanda" katika jina la mkutano ule. Uamuzi wa kulinda msitu katika nchi moja huhamishia msumeno katika nchi ya jirani, na nchi zinazonunuliana mbao zingepaswa kuketi pamoja kabla ya uamuzi, si baada yake.

Wadudu wanatufundisha hilo kwa njia nyingine. Vidukari wa misaipresi walionekana Malawi mwaka 1986, na ndani ya miaka michache walikuwa wameshafika Tanzania na Kenya, wakikausha miti ya mashamba na uzio za watu. Miaka ya 1990 waliachiwa nyigu wadogo wanaowatagia vidukari hao mayai mwilini, na madhara yakapungua, lakini wengi walishaacha kupanda misaipresi na kuhamia kwenye misindano pekee. Ukanda mzima ukiegemea aina moja ya mti, iliyosongamana na isiyopunguziwa, mdudu anayekuja baadaye atakuta meza imeshaandaliwa. Hapa mkutano ulifanya kazi nzuri: wataalamu wa nchi zote tatu walikubaliana kupeana taarifa za wadudu na magonjwa mapema, na nadhani hilo litatekelezwa kwa kuwa halihitaji fedha nyingi.

Kuhusu milingoti na vyanzo vya maji, mjadala ulikuwa mkali lakini haukuwa na jipya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na kila mwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, anajua kilichotokea pale jirani yake alipopanda milingoti juu ya chemchemi. Kinachohitajika ni kung'oa iliyopo na kumfidia aliyeipanda kabla hajaelimishwa. Miti ya mijini, ambayo hukatwa vilele kila mwaka kwa ajili ya nyaya za umeme hadi ikaoza kutoka juu, ilipewa mada moja fupi na picha nyingi za kusikitisha. Ilistahili mkutano wake.

Siku ya mwisho kamati ya maazimio ilisoma rasimu. Mjumbe mmoja alikuwa amependekeza kwamba vyama vya wakulima vipewe mafunzo na vifaa vya kupima kipenyo, kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini kama inavyofanyika kwingineko, na vijumlishe ujazo wa mashamba ya wanachama wao kabla mnunuzi hajaitwa. Alipendekeza pia kwamba miti ya kupunguzia iuzwe kwa pamoja na chama, kwa mkataba unaotaja miti ipi inakatwa na ipi inabaki. Niliunga mkono, na wengine kadhaa waliunga mkono. Katika rasimu iliyosomwa, pendekezo lilikuwa limegeuka kuwa sentensi isemayo kwamba wakulima waendelee kuelimishwa kuhusu umuhimu wa kupunguzia miti kwa wakati.

Nilipouliza kwa nini, niliambiwa, kwa heshima zote, kwamba mkutano wa wataalamu hauwezi kuingilia bei kati ya muuzaji na mnunuzi. Nakubali kwamba hauwezi kupanga bei. Lakini kipimo si bei. Sokoni hakuna anayenunua mchele kwa kuukadiria kwa macho, na anayedai kilo yake ipimwe haambiwi kwamba anaingilia biashara. Kipimo kikiwepo, bei itajadiliwa na wenyewe, na kwa mara ya kwanza aliyetunza shamba lake atakuwa na namba ya kuweka mezani.

Halafu lipo hili ambalo sikulitambua mpaka nilipopitia orodha ya waalikwa. Ukumbi ulikuwa na maofisa misitu, watafiti, wafadhili, wahadhiri, waandishi wa habari na viongozi wa vyama vya wakulima. Hakukuwa na dalali hata mmoja, hakukuwa na mwenye dingdong, hakukuwa na mwakilishi wa kiwanda chochote cha vinia wala mfanyabiashara wa mbao kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Tulijadili kwa siku tatu namna ya kumbadilisha muuzaji bila kumwita mnunuzi anayempangia masharti. Mafinga iko kilomita 80 hivi kutoka ukumbi ule, kwa barabara ya lami, na wanunuzi hao wapo pale wiki nzima.